Kabla ya Mradi, Bodi Iongee

Mtu akipata bodi yake ya kwanza ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, mara nyingi mradi tayari anao kichwani: kipimo cha joto kitakachotuma taarifa kwenye simu, pampu itakayomwagilia miche yenyewe, roboti ya magurudumu mawili. Anaunganisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, ananakili programu ndefu kutoka intaneti, anaipakia, kisha anasubiri. Bodi kimya. Hapo ndipo ramli inapoanza. Anachomoa waya huu, anahamisha ule, anapakia upya, anabadilisha maktaba (programu zilizoandikwa tayari na wengine), na akishaambulia patupu anahitimisha kwamba bodi ni mbovu.

Nimekaa na watu wengi katika hali hiyo, na kwa kuwa naipenda kazi hii kuliko karibu chochote kingine ninachofanya kwa mikono, huniuma kuona mtu anaiacha akiwa mlangoni. Kwa hiyo nina neno moja, na nitalieleza kwa kirefu: mradi wa kwanza ni njia ya mazungumzo. Kwanza kati ya kompyuta na bodi, halafu kati ya bodi na kifaa kimoja, halafu ndipo cha pili kiingie. Ukishaweza kuisikia bodi, hitilafu yoyote itakuwa na mahali pa kuanzia kutafutwa.

Ni vizuri kujua unayezungumza naye. Arduino Uno R3, bodi ambayo wengi wetu tumeanzia, imebeba chipu ya ATmega328P inayokwenda kwa megahezi 16. Nafasi ya kuhifadhi programu ni kilobaiti 32, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Herufi za aya chache za makala hii zingetosha kuijaza. Ndani yake hakuna mfumo endeshi, hakuna faili, hakuna dirisha la kukuambia kimeharibika nini. Kuna programu moja inayozunguka bila kukoma tangu umeme unapoingia hadi unapokatika. Ikikwama, inakwama kimyakimya.

Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye chuo cha usanifu, na kabla yake Hernando Barragán alikuwa ametengeneza Wiring, mfumo wa aina hiyohiyo uliotangulia, katika chuo hichohicho kuanzia 2003. Walengwa walikuwa wanafunzi wa usanifu, watu wenye mawazo mengi na elektroniki kidogo. Naona thamani kubwa ya kazi ile iko hapa: ndani ya chipu iliwekwa tayari programu ndogo ambayo, bodi inapowaka, husikiliza kwa muda mfupi kama kompyuta ina programu mpya ya kuleta. Zamani, kupakia programu kwenye chipu za namna hii mara nyingi kulihitaji kifaa cha pekee cha kupakilia. Kwa Arduino, kebo ileile inayoleta umeme ndiyo inayoleta programu, na ndiyo inayorudisha maneno ya bodi kwako.

Basi tuanze na kebo.

Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne: mbili za umeme, mbili za data. Zipo kebo zilizotengenezwa kwa kuchajia tu, na ndani yake zile mbili za data hazimo kabisa. Ukiichomeka bodi kwa kebo ya namna hiyo, taa ya umeme itawaka vizuri, na taa hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Inathibitisha kwamba umeme umefika. Juu ya data haisemi lolote. Njia ya uhakika ni kutazama orodha ya poti za kompyuta kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka. Kwenye Windows itaongezeka COM yenye namba fulani. Kwenye Linux utaona /dev/ttyACM0 au /dev/ttyUSB0. Orodha isipobadilika, achana na programu, achana na bodi, badilisha kebo kwanza.

Ikiwa kebo ni nzima na poti bado haionekani, mtazame mkalimani. Bodi nyingi hazizungumzi USB moja kwa moja: kuna chipu nyingine ndogo karibu na tundu la kebo inayogeuza USB kuwa mawasiliano ya siriali, yaani biti moja baada ya nyingine, ambayo mikrokontrola inayaelewa. Kwenye Uno halisi ni ATmega16U2. Kwenye bodi nyingi za bei nafuu ni CH340, na baadhi ya kompyuta zinahitaji draiva yake. Linux nayo ina mawili yake. La kwanza ni ruhusa: kwenye mifumo ya jamii ya Debian na Ubuntu, mtumiaji asipokuwa kwenye kundi la dialout, poti ataiona ila hataweza kuifungua. La pili limewasumbua wengi kwenye Ubuntu 22.04: huduma ya brltty, iliyokusudiwa vifaa vya maandishi ya nukta nundu, inaidhania CH340 kuwa ni kifaa chake na kuinyakua, hivyo poti inatokea na kutoweka papo hapo. Ukiiona hali hiyo, soma kumbukumbu za mfumo kwa amri ya dmesg. Mwizi ameandikwa humo kwa jina.

Bodi nyingine zina milango yake. Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021, inataka ushikilie kitufe cha BOOTSEL wakati wa kuichomeka. Itajitokeza kwenye kompyuta kama diski iitwayo RPI-RP2, nawe utaburuta humo faili moja la aina ya UF2, kwisha. ESP32 huangalia hali ya pini namba 0 inapowaka: pini ikiwa chini, yaani kwenye volti sifuri, inangoja programu mpya, ikiwa juu, inaendesha iliyopo. Bodi nyingi za ESP32 hufanya hivyo zenyewe, lakini upakiaji ukigoma, shikilia kitufe cha BOOT mpaka uone unaanza. Nimeona watu wakitupa bodi nzima kabisa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuhusu kitufe hicho.

Neno la kwanza

Desturi ni kuanza na programu ya kupepesa taa. Sina ugomvi nayo, maana inathibitisha kwamba programu imefika na inaendeshwa. Mimi lakini humwambia anayeanza aende hatua moja mbele siku hiyohiyo: bodi itume mstari mmoja wa maandishi kila sekunde, na ndani ya mstari huo kuwe na namba inayopanda. Nipo 1, nipo 2, nipo 3.

Namba hiyo ina kazi kubwa. Neno "nipo" peke yake litakuambia bodi ni hai. Namba itakuambia kama bodi ilikufa na kufufuka bila wewe kujua. Ukiona 41, 42, 43, halafu ghafla 1, bodi imejiwasha upya, na jambo hilo hutalijua kwa kutazama taa. Iache namba hiyo ndani ya programu zako zote za majaribio. Tutaihitaji mbele.

Sasa tuingie ndani ya waya tuone neno linavyosafiri, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi yanapofunguka. Chukua herufi moja, A kubwa, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Waya ukiwa hauna la kusema hukaa juu, yaani kwenye volti kamili. Bodi ikitaka kutuma, inaushusha waya kwa takriban mikrosekunde 104: hiyo ni biti ya kuanzia, ishara ya kumwamsha msikilizaji. A ni namba 65, ambayo kwa biti nane huandikwa 01000001, na hutumwa kuanzia mwisho. Kwa hiyo waya utapanda kwa mikrosekunde 104, utakaa chini kwa vipindi vitano, utapanda tena kwa kimoja, utashuka kwa kimoja. Halafu unarudi juu kwa kipindi kimoja cha mwisho, biti ya kumalizia. Biti kumi kwa herufi moja, herufi 960 kwa sekunde.

Zingatia kwamba hakuna waya wa tatu unaobeba mapigo ya saa. Msikilizaji anajua biti moja inaishia wapi kwa sababu tu mmekubaliana kasi mapema. Kama bodi inatuma kwa 9600 na dirisha la siriali la kompyuta, lile linaloonyesha maneno ya bodi, limewekwa 115200, msikilizaji atakuwa anasoma mara kumi na mbili ndani ya biti moja ya mtumaji, na utaona takataka za alama za ajabu. Takataka hizo ni habari njema. Zinamaanisha kebo, draiva, poti na programu vyote viko sawa, na kilichobaki ni kuoanisha kasi. Bodi za ESP8266 humwaga alama za namna hiyo kila zinapowaka hata kama kasi yako ni sahihi, kwa sababu ujumbe wa kuwaka kwa chipu ile hutoka kwa kasi ya 74880. Huo uache upite.

Bodi ikishasema, ifundishe kusikia. Tuma 1 taa iwake, tuma 0 izime. Kazi ndogo, lakini ndani yake mna mafunzo mawili. Kwanza, kinachofika kwenye bodi ni herufi "1", ambayo ndani ya kompyuta ni namba 49, kwa hiyo programu inayolinganisha na namba 1 haitaona kitu. Pili, dirisha la siriali linaweza kuongeza alama ya mstari mpya mwishoni bila kukuuliza, na bodi ikapokea vitu viwili: 49, kisha 10. Usipoipangia ile 10, programu itaichukulia kama amri isiyoeleweka.

Ukitaka kuacha dirisha la siriali na kuandika programu yako kwa Python upande wa kompyuta, maktaba ya pyserial inatosha. Ila kwenye Uno na ndugu zake, kule kufungua poti tu kunaiwasha bodi upya, kwa makusudi kabisa, ili kurahisisha upakiaji. Programu yako ikituma amri mara tu baada ya kufungua poti, amri itamkuta mwenzake hajaamka. Subiri sekunde mbili, au, vizuri zaidi, subiri bodi yenyewe iseme ipo tayari.

Umeme kwanza, lugha baadaye

Vifaa viwili haviwezi kuelewana kabla umeme wao haujaelewana. Sharti la kwanza ni graundi ya pamoja, yaani ile pini ya GND inayohesabiwa kuwa volti sifuri. Volti ni tofauti kati ya sehemu mbili. Bodi inaposema "juu" inamaanisha juu ya graundi yake. Kama sensa inapata umeme kwenye betri yake na bodi kwenye USB, na pini zao za GND hazijaunganishwa, bodi haina cha kupimia "juu" ya mwenzake. Wakati mwingine data itapita, wakati mwingine haipiti, na ukiweka mkono karibu inabadilika. Mambo yakianza kubadilika kwa kugusa, tafuta graundi.

Sharti la pili ni kiwango cha volti. Uno inafanya kazi kwa volti 5. Pico na ESP32 zinafanya kazi kwa volti 3.3, na pini zake hazikutengenezwa kupokea 5. Kwenda upande wa pili kuna unafuu: chipu ya Uno ikiwa kwenye volti 5 huhesabu chochote kuanzia takriban volti 3 kuwa ni "juu", kwa hiyo ishara ya 3.3 inasomeka. Hatari iko pale 5 inapoingia kwenye pini ya 3.3. Chukua HC-SR04, kile kipimo cha umbali chenye macho mawili. Unakipa mshtuo wa mikrosekunde 10, kinatoa mlio usiosikika kwa sikio, kisha kinainua pini ya Echo kwa muda uleule ambao sauti imetumia kwenda na kurudi. Gawa mikrosekunde hizo kwa 58, utapata sentimita. Kikiwa kwenye volti 5, Echo nayo inatoka na 5. Kwa bodi ya 3.3 weka rezista mbili: kiloomu 1 kutoka Echo hadi kwenye pini, na kiloomu 2 kutoka kwenye pini hiyo hadi graundi. Theluthi mbili za 5 ni takriban 3.3. Rezista mbili hizo zinaokoa bodi nzima.

Taa ya LED na kitufe havihitaji maelezo marefu. LED nyekundu hula takriban volti 2, kwa hiyo kwenye volti 5 na rezista ya omu 220 utapata karibu miliampia 14, chini ya zile 20 zinazoshauriwa kwa pini moja ya Uno. Kitufe kinahitaji pini isiachwe inaning'inia: pini isiyounganishwa popote haisomi sifuri, inasoma chochote kinachopita hewani. Washa rezista ya ndani inayoivuta pini juu, unganisha kitufe na graundi, na ukubali kwamba kubonyeza kutasomeka kama 0. Na kwa kuwa vipande vya chuma vya kitufe hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, mbonyezo mmoja unaweza kuhesabiwa mara nyingi. Soma, subiri kidogo, soma tena.

Nyaya mbili, vifaa vingi

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni I2C. Philips waliibuni mwaka 1982 ili chipu zilizo ndani ya kifaa kimoja ziwasiliane kwa nyaya chache. Nyaya ni mbili tu: SDA hubeba data, SCL hubeba mapigo ya saa. Kila kifaa kina anwani ya biti saba, na vyote vinaning'inia kwenye nyaya zilezile mbili. Bodi huita anwani, na mwenye anwani hiyo peke yake ndiye anayejibu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kusoma joto au kuchora kwenye skrini, ita majina, kama mwalimu mwenye rejista. Programu ya kukagua anwani inapita kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, inaita kila moja na kusikiliza anayeitika. Skrini ndogo ya OLED yenye chipu ya SSD1306 huitika mara nyingi kwenye 0x3C (0x ni alama ya namba zinazohesabiwa kwa kumi na sita). Saa ya DS3231 iko 0x68. Sensa ya BME280 iko 0x76 au 0x77. Kama kifaa hakikuitika kwenye ukaguzi huu, hakuna maktaba duniani itakayokisomesha. Rudi kwenye nyaya: je, SDA na SCL zimepishana? Kifaa kinapata umeme? Vichwa vya pini vimelehemiwa, au vimechomekwa tu kwenye matundu ya bodi ya sensa bila lehemu? Hilo la mwisho hutokea mara nyingi ajabu. Sensa mpya nyingi huja na pini pembeni, hazijalehemiwa, na pini iliyoegemea tundu hugusa na kuachia kila meza inapotikisika.

Kuna mtego mmoja wa anwani unaofaa kuujua mapema. Nyuma ya skrini nyingi za SSD1306 pameandikwa 0x78, na ukaguzi unasema 0x3C. Zote mbili ni sahihi. Kwenye waya, anwani ya biti saba inafuatwa na biti ya nane inayosema kama unataka kuandika au kusoma. Aliyeandika 0x78 ameihesabu biti hiyo pamoja na anwani. Programu yako inaitenga. Ukiwa na anwani inayoonekana kubwa mno, igawe kwa mbili uone.

Kuitika peke yake hakutoshi. Baada ya kifaa kuitika, kiulize ni nani. Chipu nyingi zina rejista ya utambulisho, kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu chenye namba isiyobadilika iliyowekwa kiwandani. BME280, inayopima joto, mgandamizo wa hewa na unyevu, ukiisoma rejista 0xD0 itakujibu 0x60. BMP280 ni ndugu yake anayefanana naye sana kwa sura na anakaa kwenye anwani zilezile, ila hapimi unyevu. Yeye hujibu 0x58. Bodi zenye BMP280 huuzwa mara nyingi kwa jina la BME280, na mnunuzi huhangaika na programu akitafuta unyevu ambao chipu yake haiwezi kuupima. Kusoma baiti moja kunamaliza ubishi wote. Ndiyo maana nasisitiza karatasi ya maelezo ya chipu isomwe, hata kama ina kurasa nyingi na lugha yake ni kavu. Huhitaji kuisoma yote. Tafuta volti, anwani, rejista ya utambulisho, na jedwali la rejista.

Vifaa viwili vikigongana anwani, angalia kama kimojawapo kina pini ya kuibadilishia. Mfano wa kila siku ni saa ya DS3231 na sensa ya mwendo ya MPU6050: zote 0x68. Pini ya AD0 ya MPU6050 ikiunganishwa juu, yenyewe inahamia 0x69 na ugomvi unaisha. Zaidi ya hapo kumbuka kwamba kwenye I2C hakuna kifaa kinachousukuma waya juu; vyote huuvuta chini tu, na rezista ndizo zinazourudisha juu, kwa kawaida za kiloomu 4.7. Bodi nyingi za sensa huja nazo tayari. Angalia tu zimeunganishwa na volti ngapi, kwa sababu rezista iliyofungwa kwenye volti 5 itaipelekea Pico yako hizo 5 kupitia waya wa data.

SPI, njia nyingine ya kuunganisha vifaa, nitaipita haraka. Ina nyaya nne, ina kasi kubwa zaidi, na badala ya anwani kila kifaa kina waya wake wa kuitwa. Kadi za kumbukumbu na skrini za rangi huitumia. Ubaya wake kwa anayetafuta hitilafu ni kwamba hakuna kuitika: ukisoma waya usio na kitu utapata sifuri tupu au 255 tupu, na ni juu yako kushtuka.

Namba zinazodanganya

Kifaa kikikosa kujibu ni afadhali. Kigumu zaidi ni kinachojibu uongo unaofanana na ukweli. DS18B20 ni kipimo cha joto kinachopendwa sana, mara nyingi kikiwa ndani ya kifuko cha chuma kisichopitisha maji. Hutumia waya mmoja wa data na rezista ya kiloomu 4.7, na kila kimoja kina namba yake ya biti 64, hivyo vingi vinaweza kukaa kwenye waya huo mmoja. Kikiwa kwenye usahihi wake wa juu, biti 12, kinasoma kwa hatua za nyuzi 0.0625, lakini kinaweza kuhitaji hadi milisekunde 750 kumaliza kipimo kimoja.

Sasa, ukiona nyuzi 85 kamili, usikimbilie kuzima jiko. Hiyo ni thamani inayokaa ndani ya chipu inapowaka, kabla haijapima chochote. Ama umesoma bila kusubiri, ama umeme wake umekatika kidogo ikaanza upya. Na ukiona -127, hiyo haikutoka kwenye sensa hata kidogo: ni maktaba maarufu ya Arduino inayokuambia kwamba haikuipata sensa. Wapo wanaochukua -127 na kuiingiza kwenye wastani wa siku nzima, kisha wanashangaa grafu. Programu ya kweli huzikataa namba hizi waziwazi na kuandika kwamba kipimo kimekosekana.

Hapa ndipo ile namba ya "nipo" inaporudi kazini. Umeongeza mota ndogo ya servo, na kila inapogeuka sensa zinasoma ovyo. Tazama dirisha la siriali. Kama namba imerudi 1, programu yako haina kosa: mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti inaporomoka, na bodi inajiwasha upya. Ipe mota chanzo chake cha umeme, unganisha graundi, na mambo yatatulia. Mota ya kawaida au rilei tupu (swichi inayowashwa kwa umeme kupitia koili ya waya) haiunganishwi na pini moja kwa moja. Weka transista katikati, na dayodi kama 1N4007 sambamba na koili, kwa sababu koili ikikatiwa umeme hurudisha mshindo wa volti unaoweza kuua chipu. Na rilei itakayokata au kuwasha umeme wa ukutani naomba uiache mpaka uwe na fundi umeme wa kukusimamia. Makosa niliyoyataja hapo juu, yakizidi sana, yanaua chipu. Hilo linaua mtu.

Nyaya nazo zina kikomo. I2C ilibuniwa kwa chipu zilizo jirani, na kila sentimita ya waya huongeza uwezo wa waya kushika chaji. Kiwango cha juu kwa mawasiliano ya kawaida ni pikofaradi 400. Ukipita hapo, waya unapanda polepole mno na biti zinasomeka vibaya. Dawa ya haraka ni kushusha kasi hadi kilohezi 100 au chini, na kupunguza thamani ya rezista. Dawa ya kudumu ni kuihamisha bodi iwe karibu na sensa, halafu yenyewe ndiyo itume matokeo mbali.

Ikiwa umefanya haya yote na bado kuna kifaa kinachogoma, kifaa kimoja kitakubadilishia maisha: kichanganuzi cha ishara za kidijitali. Vile vidogo vya njia 8 na megahezi 24 vinatosha kabisa, na programu huria ya PulseView inavisoma. Shika SDA kwa waya mmoja, SCL kwa wa pili, usisahau graundi, rekodi, kisha mwambie PulseView aitafsiri I2C. Utaona anwani iliyoitwa imeandikwa juu ya mawimbi, biti kwa biti. Hesabu hadi pigo la tisa la saa. SDA ikiwa juu kwenye pigo hilo, hakuna aliyeitika: rudi kwenye anwani, umeme na lehemu. Ikiwa chini, kifaa kimeitika na nyaya ziko salama, na sasa una haki ya kufungua programu na kutafuta kosa humo.